Canon na Nikon Chini ya Paa Moja

Katika nyumba yetu ya Ushirombo kazi ya picha ni ya kurithi. Marehemu baba mkwe alipiga picha kwa Yashica ya filamu enzi zile wilaya yetu ya Bukombe ikiwa bado mkoani Shinyanga, kabla Mkoa wa Geita haujaundwa mwaka 2012. Wanawe wawili wakaishika kazi hiyohiyo, kila mmoja kwa kamera yake. Mume wangu ana Canon EOS 60D na studio ndogo karibu na stendi. Mdogo wake, shemeji yangu, alifanya kazi Kahama miaka mingi na Nikon D7000. Wakiwa mbalimbali walipendana vizuri tu. Shemeji alipohamia kwetu na begi lake la kamera, amani ya nyumba ikaingia mtihanini.

Kamera zenyewe ni za rika moja, zote zilitangazwa mwaka 2010, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake yako imezeeka. Ugali ukishawekwa mezani, mume wangu alianza na megapikseli 18 za Canon dhidi ya 16.2 za Nikon, na kioo cha nyuma kinachokunjuka hata ukipiga picha ya chini chini. Shemeji akajibu kwa nukta 39 za kulengea dhidi ya tisa, na picha sita kwa sekunde dhidi ya tano na ushei. Kisha akatoa kete yake kubwa, yaani nafasi mbili za kadi.

"Kaka, kadi yako moja ikifa ukiwa kanisani, utamwambia nini bibi harusi? Arudie kiapo?"

"Kadi haifi ukinunua kadi halali," mume wangu akasema.

"Haya, tuombe Mungu."

Mama mkwe alikuwa anasikiliza tu, mkono shavuni. Siku moja akauliza, "Mbona baba yenu na wenzake hawakugombana hivi?"

Swali hilo lina jibu. Enzi za filamu, mwenye Yashica, mwenye Canon na mwenye Nikon waliingia duka moja, wakanunua mkanda uleule wa Kodak au Fuji wa picha 36, wakaupeleka kusafishwa mahali pamoja. Rangi ilikuwa ya mkanda na ya maabara. Kazi ya kamera ilikuwa kushika lenzi na kuruhusu mwanga uingie kwa kipimo. Siku hizi mkanda umejengewa humohumo ndani: kihisi kimechaguliwa na kampuni, na programu inayoamua ngozi ya mtu iwe nyekundu au ya manjano kiasi gani ni ya kampuni. Ukinunua kamera umenunua na mkanda wake wa maisha. Ndiyo maana watu wanazitetea chapa zao kwa moyo wote, na mimi siwalaumu.

Kisa cha kwanza kilitokea kibarazani. Wifi yangu alikuwa amechumbiwa, na kamati ya harusi ikaamua kwamba kaka zake wawili ndio watakaopiga picha, fedha ya mpigapicha iongezwe kwenye chakula. Ubishi ukahamia kwenye lenzi za milimita 50. Mwanetu wa darasa la tano aliwasikia, akaona njia rahisi ya kuwapatanisha: achukue lenzi ya baba mdogo, aiweke kwenye kamera ya baba.

Kwa macho lenzi hizo zinafanana, zote nyeusi, zote ndogo. Lakini mdomo wa kamera ya Canon, mahali lenzi inapofungwa, una upana wa milimita 54 kwa ndani, na wa Nikon ni 44. Tena Canon hufungwa kwa kuzungusha upande mmoja na Nikon upande wa pili. Lenzi ya Nikkor, yaani ya Nikon, ilikaa mdomoni bila kushika popote. Mtoto alipoinua kamera amwonyeshe bibi yake, lenzi ikachomoka, ikagonga sakafu ya saruji, ikabiringika hadi miguuni mwa mama mkwe.

Kimya kikatanda. Shemeji akapiga magoti, akaiokota kwa mikono miwili. Ukingo wa mbele ulikuwa umepata pengo. Akazungusha pete ya mwanga taratibu, kutoka 1.8 hadi 22, akichungulia ndani: vile visahani saba vyembamba vilijifunga na kufunguka bila kukwama. Akashusha pumzi. Kisha akamwita mtoto, akamketisha kando yake, na mume wangu naye akaja kumweleza kwa nini jambo lile halikuwezekana.

Kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye kihisi, Canon ina milimita 44 na Nikon ina 46.5. Ile tofauti ya milimita mbili na nusu inatosha kuweka pete ya kuunganishia, na lenzi ya Nikon ikafanya kazi kwenye Canon, japo kulenga itabidi kwa mkono. Lenzi ya Canon kwenye Nikon haina nafasi hiyo.

"Kwa hiyo Nikon yangu ndiyo ihamie kwa Canon?" shemeji akauliza, na moto ukawaka upya. Akakumbusha kwamba mdomo wa Nikon ni uleule tangu mwaka 1959, na kwamba mwaka 1987 Canon ilibadilisha wake na kuwaacha watu na lenzi zao za zamani. Mume wangu akajibu kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyoweka mota ndani ya lenzi, hata lenzi yoyote ya EF, yaani ya mdomo huo mpya, hujilenga yenyewe kwenye kamera yoyote ya EOS yenye kioo cha ndani. Ile Nikkor ya shemeji inategemea mota iliyomo ndani ya D7000. Ukiiweka kwenye D3100, ambayo haina mota, utazungusha kwa mkono. Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana ubishi haukuisha.

Hasara yake ilionekana studio. Mteja anafuata picha za pasipoti, au kijana aliyepata mawe mazuri huko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, anataka picha na wenzake, anawakuta ndugu wawili wanabishana. Anasimama kidogo, anaondoka, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kisa cha pili kilikuwa cha umeme. Usiku wa kuamkia ndoa nyumba ilijaa wageni, na kila soketi ilikuwa na simu. Ilibaki nafasi moja kwenye waya wa kuunganishia. Betri ya Canon ni ya volti 7.2 na ya Nikon ni ya volti 7.0, moja hubeba miliampia-saa 1,800, nyingine 1,900. Kwa nguvu ni ndugu kabisa, lakini maumbo yamechongwa yasiingiliane, na kila moja inadai chaja yake. Wakakubaliana kaka mkubwa atangulie. Yake ikajaa. Ya shemeji ilikuwa ndiyo kwanza imechomekwa umeme ulipokatika, na haukurudi mpaka jioni ya siku ya pili.

Hapo ndipo jambo zito lilipojitokeza. Kwa kuwa baba amefariki, mume wangu ndiye aliyepaswa kumshika dada yake mkono na kumkabidhi kwa mumewe kanisani. Hawezi kumsindikiza bibi harusi huku anapiga picha. Shemeji ndiye angepiga, na kamera pekee yenye uhai ilikuwa Canon.

Mume wangu alimvisha mdogo wake mkanda wa kamera shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyesema neno.

Parokia ya Ushirombo ni ya siku nyingi. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifika hapa mwaka 1891. Ndani ya kanisa mwanga ni mchache, na mlangoni jua ni kali. Bibi harusi akaingia na shela jeupe, kaka yake kando yake amevaa suti nyeusi. Hii ndiyo picha ngumu kuliko zote katika kazi yetu. Mita ya mwanga ndani ya kamera, iwe Canon iwe Nikon, hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ikiona shela jeupe limejaa kwenye picha, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Shela linakuwa la kijivu, na nyuso zetu zinazama gizani. Mpigapicha anayejua lazima aongeze mwanga mwenyewe.

Shemeji anajua. Lakini kwenye D7000 yake alama ya kuongeza iko kushoto, na kwenye Canon iko kulia. Kidole chake kikafanya kilichozoea kwa miaka mingi, kikazungusha upande wa kuongeza wa Nikon, na Canon ikapunguza. Pete ya kuvuta picha karibu nayo huzunguka kinyume, basi alipotaka kumsogeza bibi harusi karibu, alimsogeza mbali. Picha za kwanza za msafara zilitoka nyeusi. Aliona kiooni, akatulia, akarekebisha, na kuanzia kwenye kiapo kila kitu kilikaa sawa.

Kilichomsaidia zaidi ni flashi ya Yongnuo YN560 ya bei nafuu iliyokuwa ya studio. Haina uhusiano na chapa yoyote. Inawashwa kwa pini moja ya katikati, ambayo Canon na Nikon wote wanayo, nguvu yake unaipanga kwa mkono, na inatumia betri nne ndogo za AA, zinazopatikana kila duka la barabarani.

Ukumbini mama mkwe aliletewa simu na mjukuu. Ilikuwa Tecno, na uso wa bibi harusi ulionekana vizuri, mng'avu, bila kupaushwa. Akawaita wanawe wawili. "Simu ya mtoto imemwona dada yenu. Nyinyi mnabishana nini?"

Jibu la swali hilo ni historia nzima. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mizani yake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la kadi ya Shirley, iliyotoka Kodak. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo, sisi tukafuata baadaye. Transsion ya Shenzhen, yenye chapa za Tecno na Infinix, ilijenga soko lake Afrika pamoja na mambo mengine kwa kurekebisha kamera za simu zake zione ngozi nyeusi. Mwenye kamera kubwa, ya chapa yoyote, kazi hiyo anaifanya mwenyewe kwa kichwa na vidole.

Umeme uliporudi, wale ndugu walikaa mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane. Shemeji alikuwa amepiga kwa faili ghafi (RAW), si JPEG, kwa hiyo zile picha nyeusi za msafara ziliweza kuinuliwa. Nyuso zikatokea, ila na chembechembe gizani. Akafungua picha zake za zamani za D7000 zilizopigwa katika hali kama hiyo, akaziinua vilevile: giza likafunguka safi zaidi. Mume wangu aliangalia kwa muda mrefu. "Hapa mdogo wangu umenishinda," akasema. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo iliyoiponya nyumba.

Wageni walipoondoka, mama mkwe alitandika mkeka, akaagiza vyote viletwe. Upande mmoja Canon na lenzi tatu, betri mbili na chaja. Upande wa pili Nikon, lenzi moja yenye pengo, betri moja na chaja. Akasema fahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba studio ya marehemu itakuwa na mfumo mmoja, wenye lenzi nyingi zaidi.

Shemeji akakubali kwa masharti. Kila kazi ya malipo ipigwe kwa faili ghafi. Mwanga upangwe sawa palepale, kwa sababu Canon ile haisamehe giza. Na kwa kuwa haina kadi ya pili, kila jioni picha zinakiliwe kwenye diski mbili kabla mtu hajala. Mume wangu akayapokea yote. Nikon ikauzwa kwa mpigapicha wa Runzewe, na shemeji akamwonyesha lile pengo na kumweleza lilivyotokea. Fedha hiyo ilianzisha ununuzi wa 60D ya pili. Leo ndugu hao wanabadilishana betri na lenzi katikati ya kazi, na shemeji bado anasema Nikon ni kamera bora. Ana haki yake.

Mwaka 2018 Canon na Nikon wote walianza mifumo mipya isiyo na kioo cha ndani, na kamera za aina ya zetu zinauzwa sana zikiwa zimekwishatumika. Vijana wengi wa Bukombe, Mbogwe na Geita wanaanzia hapo, na swali lao la kwanza ni chapa ipi bora. Ushauri wangu ni huu. Uliza kwanza nani karibu nawe ana lenzi na chaja za kukuazima, ukanunue mfumo wake. Kabla hujalipa, mpige picha mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, juani na kivulini, utazame uso wake. Barabara yetu ya malori na makarasha yetu ya kusagia mawe ya dhahabu yana vumbi jingi, basi usibadilishe lenzi hovyo nje. Fedha itakayobaki iweke kwenye lenzi na flashi. Na picha za harusi za watu zichapishe kwenye karatasi. Albamu ya baba mkwe bado inafunguliwa nyumbani kwetu, wala haijawahi kuhitaji chaja.