Mgeni, Jiki na Kanuni za Mlangoni

Swali la mgeni katika kemia huwa fupi: jiki hung'arisha, dawa ya choo yenye asidi hung'oa uchafu sugu, je, zikichanganywa usafi hautaongezeka maradufu? Wenyeji wa fani wana utaratibu wa kulipokea. Muulizaji huelekezwa kwanza kwenye kanuni zilizobandikwa mlangoni. Kisha huulizwa kama ameandika mlinganyo, kama ameusawazisha, na ni nani aliyemruhusu kuleta mambo ya chooni mbele ya wataalamu. Mwisho huarifiwa kwamba maswali ya usalama hayajibiwi, kwa sababu za usalama.

Jibu lenyewe ni fupi kuliko kanuni hizo. Jiki ni myeyusho wa sodiamu haipokloraiti. Ikikutana na asidi ya haidrokloriki hutoa gesi ya klorini, yenye rangi ya kijani-manjano na nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, hasa katika choo kisicho na dirisha. Ikivutwa, hugeuka asidi kwenye unyevu wa njia ya hewa na mapafu. Jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, wala halikuwa na nia ya kusafisha chochote. Jiki na amonia nazo hutoa kloramini, isiyo na adabu bora.

Aliyekwisha kuchanganya na kuanza kukohoa atoke nje mara moja kwenye hewa safi. Kanuni za mlangoni atazisoma siku nyingine.