Sifa za Mkutano wa Kutengeneza Kanisa

Ziwa Kivu limesifiwa, samaki wake wadogo, sambaza, wamesifiwa, na wapiga picha hawachoki na volkano ya Nyiragongo. Lakini sijaona aliyeusifu mkutano wa kutengeneza kanisa, ule unaoanza baada ya misa ya pili na kufika saa za alasiri watu wakiwa bado kwenye rangi ya ukuta. Huo ni utovu wa shukrani.

Kwanza nasaba yake, maana mkutano huu ni mtoto wa watu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 536, inaruhusu parokia iwe na halmashauri ya kichungaji, kisha inaongeza kwa upole kwamba sauti yake ni ya ushauri tu. Kanuni ya 537 inadai kuwe na halmashauri ya uchumi, nayo kazi yake ni kumsaidia paroko. Kwa hiyo wenye maneno wanashauri, wenye hesabu wanasaidia, na uamuzi ni wa Baba Paroko. Hapo ndipo ukuu wa mkutano unapoonekana: watu wanagombania saa nzima jambo wasiloweza kuliamua, na wanaligombania kwa moyo wote. Nitajieni bunge linalojituma hivyo bila posho.

Tazama unavyovumilia. Jambo la kwanza kwenye ajenda ni paa. Mvua ya mji wetu wa Goma inaangukia mabati na hakuna anayemsikia jirani yake. Mwenyekiti anainua mkono, watu wananyamaza, kila mmoja anavuta benchi kuelekea pale anapojua hapavuji. Wenyeji wana sehemu zao, wanaolowa ni wageni. Ndoo ya plastiki inasogezwa chini ya tundu lililo karibu na kwaya. Muda wote huo paa linajitetea lenyewe, na hakuna wa kulijibu. Mvua inapokatika, anasimama mtu na kusema kwamba, kwa kweli, leo halikuvuja sana.

Halafu fundi anakunjua deviz, yaani makadirio ya gharama. Imeandikwa kwa dola, kama bei zote za maana katika mji huu, ilhali sadaka imeingia kwa franka zilizokunjwa mara nne. Fundi anasoma mabati, simenti, mchanga, na watu wanaitikia kwa vichwa. Akifika kwenye misumari, mama mmoja mwenye meza yake sokoni Birere anauliza taratibu: «Baba, kilo moja umesema ngapi?» Fundi anarudia, sauti ikiwa imeshuka. Mama anauliza tena, kana kwamba hakusikia. Safari ya tatu bei imeshapungua. Kuna mashirika yanayoleta wakaguzi kwa ndege kutoka Ulaya. Sisi tunao bure, wanakaa upande wa akina mama wakiwa na watoto mgongoni.

Kuhusu altare sitasema mengi, maana jambo lenyewe bado ni moto. Misa ya Kizaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inataka nafasi ya kucheza kuizunguka altare. Wazee wanataka ngazi tatu ili padri aonekane. Wasichana wanaocheza wanasema ngazi ni za kuvunjia miguu. Pande zote mbili zimemtaja Roho Mtakatifu.

Maadui wa mkutano wanasema unachelewesha ujenzi. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikalila kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na magofu yake yakabaki yamesimama miaka na miaka. Ilikuta jengo lililokamilika. Deviz haiko hivyo: inakunjwa, inatiwa mfukoni, inavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, pamoja na mwenyewe, kisha inarudi naye ardhi ikiwa bado ina joto. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikaishia Buhene, ukingoni mwa mji. Ukarabati ambao haujaanza haukupata hata ufa.

Tena lava yenyewe imekuwa mjumbe. Mawe yake ndiyo tunayoyavunja kwa nyundo, ndiyo yanayopakiwa kwenye chukudu, vyombo vyetu vya mbao vya kusukuma, ndiyo yanayopandishwa kuwa kuta. Kila shirika la mtaa huahidi chukudu zake za mawe, na kila mkutano hukumbushana ahadi hizo kwa sauti ya upendo inayosikika hadi barabarani.

Anayeona tunachelewa aende Köln, Ujerumani. Kanisa kuu lao lilianzishwa mwaka 1248, likamalizika 1880, na katikati hapo winchi ya mbao ilikaa juu ya mnara karne kadhaa bila kunyanyua jiwe. Sisi hata winchi hatujanunua, kwa hiyo hakuna atakayesema tumeiacha ioze.

Imebaki habari ya sanduku. Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, mkutano ulionyesha hekima yake: pesa za mabati ziwekwe katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu wasioelewana, wasije wakapatana kuiba. Mpango huo haujatuangusha. Hakuna franka hata moja iliyotoka, wala kwa wizi wala kwa mabati. Leo wenye funguo wawili wamefika, na mfanyabiashara wa mabati anasubiri nje na kalamu yake sikioni. Wa tatu yuko Sake, harusini. Tumekubaliana kumngoja, wakati huo mzee wa benchi la nyuma ameomba aseme neno kuhusu mlango wa pembeni, kwa kifupi.