Jinsi ya Kuvuna Kijiko cha Mchicha Helsinki

Umehamia Helsinki, umekula viazi hadi umekinai, sasa roho inadai mchicha. Usihangaike. Fuata hatua hizi sita nawe utakuwa bwana shamba wa ghorofa ya nne.

Hatua ya 1: Kosea msimu. Wakulima wengine husubiri mvua. Wewe panda Desemba, jua linapochomoza karibu saa 3:30 asubuhi na kuzama saa 9:15 alasiri, tena siku likijisikia kuja. Miche itarefuka, myembamba kama wavulana wa kidato cha pili, ikiinamia kioo kuomba mwanga. Mgeni akiuliza, mwambie ni mbegu ya kisasa.

Hatua ya 2: Washa taa. Siku zikiwa fupi, mchicha huona mambo yamekwisha, ukakimbilia kutoa maua ungali kimo cha kidole. Basi nunua taa ya mimea, uiwashe saa 14 hadi 16 kwa siku. Chagua ile ya zambarau, mtaa mzima ujiulize unalima nini humo ndani. Jirani ambaye hajawahi kukusalimu kwenye lifti ataanza kukutazama usoni. Mkaribishe aone mchicha. Hataamini, lakini angalau mtakuwa mmejuana.

Hatua ya 3: Tafuta ndoo. Itoboe chini, maji yasituame mizizi ikaoza. Kinga chini yake kwa sahani. Ile ya wageni ndiyo hutosha kila mara. Ukitaka na pilipili ya kusindikiza mchicha, mbegu zake hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo ziatamishe karibu na rediata. Zikishaota zihamishe, maana hewa kavu ya hapo huwaita utitiri.

Hatua ya 4: Mwagilia kwa huruma. Kanuni ni kuchomeka kidole, na udongo wa juu ukiwa mkavu ndipo umwagilie. Wewe puuza. Mwagilia kila ukikumbuka nyumbani. Baada ya wiki chache, udongo uliolowa utakuzalia vijidudu vyeusi, vyepesi kama majivu, vinavyopenda kutua kwenye chai ya mgeni. Vihesabu kuwa ni mifugo.

Hatua ya 5: Kuwa nyuki. Ndani hakuna upepo wala mdudu wa kusambaza chavua, kwa hiyo ua la pilipili uliguse mwenyewe taratibu kwa brashi laini. Binti yangu alinifuma nimeinama, miwani puani, brashi yake ya rangi mkononi.

“Baba, pilipili ina nini?”

“Naioza.”

Akatimka jikoni: “Mama! Pilipili ya baba imeoza!”

Hatua ya 6: Vuna. Chuma majani yote, yapange kwenye sinia kwa upana, piga picha kabla hayajaona moto. Baada ya hapo kaanga kitunguu, tia mchicha, geuka kuchukua chumvi. Ukirudi, sinia zima limekuwa kijiko kimoja, na watu wa kula ni wanne.

Picha yangu niliituma kwa mama, kule Muheza. Akanipigia simu siku ileile, sauti imejaa fahari.

“Hongera mwanangu. Hiyo miche ya kupunguza umeing’oa vizuri. Sasa mchicha wenyewe mtavuna lini?”