Sifa za Matope ya Barabara ya Epulu

Simi-Simi, upande wa Kisangani, Kongo, wenye uwanja wa ndege wa zamani, imewahi kupokea wageni wenye haraka kupita kiasi, kwa kuwa tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishukia hapo kwa miavuli. Lakini asiye na mwavuli, akitaka kufika Hifadhi ya Okapi huko Epulu, hana budi kupanda gari na kuyaamkia matope, ambayo wenyeji huyaita potopoto. Okapi, mnyama wa msituni, amesifiwa na wanazuoni tangu mwaka 1901, na hifadhi yake ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, ilhali matope, yaliyowatangulia wote kwa umri, hayajatundikiwa hata kibao.

Nasaba yake ni ya heshima. Baba ni mvua, ambayo karibu na ikweta haijui likizo ndefu. Mama ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao chembe zake ndogo mno huyang'ang'ania maji. Na mkunga ni lori la mizigo, linaloukanda mchanganyiko huo hadi Barabara ya Taifa Namba 4 igeuke handaki.

Uadilifu wake hauna mfano. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye winchi, yaani mtambo wa kuvuta kwa waya unaofungwa mtini, husubiri nyuma ya lori la ndizi bila kuulizwa cheo cha aliyemo, huku mwenye baiskeli, aliyefunga madumu ya mawese pande zote mbili, akipita ukingoni kwa kusukuma na kutoa pole. Vijana wenye makoleo nao hupata riziki, kwa maana huchungulia kwanza ekseli imezama kiasi gani, ndipo wakataja bei.

Makgadikgadi, lile bonde la chumvi la Botswana wanalolipenda watalii, lina matope pia, ila yamejificha chini ya gamba jeupe linaloonekana gumu mpaka gari lilivunje. Haya ya barabara ya Epulu hayana unafiki huo. Wala ukoo wake haukunyimwa chumvi, kwani okapi hula udongo wenye chumvi kando ya mito ili kufidia madini yaliyo haba katika majani.

Sifa kuu ni ulinzi. Barabara inapotengenezwa, wanaofika mapema si watalii peke yao, bali pia wachimba dhahabu, wakata mbao na wachuuzi wa nyama ya porini, ambao matope huwarudisha nyuma bila bunduki wala mshahara. Kasoro yake ni moja, kwamba hayabagui: humkwamisha jangili na mjamzito anayepelekwa hospitali kwa kipimo kilekile. Wanaoona kasoro hiyo kuwa nzito hudai barabara nzuri pamoja na walinzi wa kutosha. Lakini maadamu fedha za vyote viwili zinachelewa, matope yataendelea kushika nafasi zote mbili, na hakuna atakayeweza kuyashitaki kwa utoro kazini.