Barua ya Wazi kwa Wenye GitHub: Pokeeni na Hii

Kwa Wakubwa wa GitHub na Microsoft,
Marekani

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Hewa Bora, Lubumbashi. Sisi ni vijana wachache tunaoandika programu huria ya kutunza hesabu za likilimba, yaani upatu: nani ametoa, nani bado, zamu ya kupokea ni ya nani. Tumekaa kikao kuamua msimbo wake uwekwe wapi, na kwa heshima kubwa tumewateua ninyi.

Msishangae. Kupeleka malighafi ng'ambo tuna uzoefu. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Enzi za kampuni ya Union Minière shaba ilikwenda kusafishwa Hoboken, Ubelgiji, na waya tukanunua. Ninyi mmeuboresha utaratibu. Watu wanawaletea msimbo wao bure, mkaufundishia Copilot, akili bandia yenu ya kuandika msimbo, na Juni 2022 mkaanza kuwauzia wenyewe kwa dola 10 kwa mwezi. Union Minière angalau ililipa mishahara. Tunajua, wenye miradi mashuhuri mliwapa bure. Likilimba ya Hewa Bora haijafikia umashuhuri huo.

Wapo waliopinga. Mmoja alitaka tuwe na seva yetu hapa mtaani. Wazo zuri, ila seva inakula umeme, na delestaji, yaani mgao wa umeme, haina huruma na mradi huria. Tena serikali yetu ilikata intaneti tarehe 31 Desemba 2018, kura zikihesabiwa, ikairudisha baada ya siku kama 20. Kwa hiyo mjue mna wapiga debe huku kwetu, na mishahara yao inatoka hazina ya taifa.

Mwingine alitaja Codeberg, jumuiya ya Ujerumani isiyotafuta faida. Tukamnyamazisha: mwajiri akikuhoji, anauliza GitHub yako ina nyota ngapi.

Tuna maombi mawili. Marekani ikigombana na nchi yetu, tupeni taarifa mapema. Mwaka 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Krimea walibaniwa akaunti kwa vikwazo vya ugomvi usio wao. Na mkituchoka, msifunge mlango kama Google ilivyoifunga Google Code, ghala lake la msimbo, mwaka 2016.

Limebaki dogo. Git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo, si yenu. Linus Torvalds aliitoa mwaka 2005, na kila anayenakili mradi anabeba historia yake yote. Basi nakala kamili itakaa Codeberg (yule tuliyemnyamazisha amekwisha kuipeleka), nyingine kwenye kompyuta ya kila mmoja wetu, na nyingine kwenye diski kwa mama mtunza pesa wa likilimba, ambaye hajapoteza hata franga moja. Mijadala ya mradi haimo ndani ya Git, na hapo ndipo mnapowashika wengi. Yetu tutainakili kila Jumapili.

Nyota bakini nazo.

Wenu katika utii wa muda,
Vijana wa Hewa Bora