Heko, Fomu ya Uinjinia

Mgeni akifika Kilembe, magharibi mwa Uganda, huonyeshwa vitu vikubwa vikubwa: milima ya Rwenzori ikiwa imekubali kuvua mawingu, midomo ya mgodi wa shaba, nyumba za wachimbaji zilizosongamana bondeni, na mawe ya mto Nyamwamba ambayo hakuna aliyeyaita. Hakuna anayemwonyesha fomu ya kuomba chuo kikuu. Huo ni uonevu. Kuanzia huku juu hadi Kasese mjini, na kuteremka mpaka Bwera mpakani, sijaona kitu kinachostahili sifa kama fomu ile, hasa ikiwa mikononi mwa kijana aliyemaliza kidato cha sita (S6) na anayetaka kuwa injinia.

Tuanze na haki yake. Fomu haijui baba yako ni nani. Inajua pointi tu. A ni 6, B ni 5, na kuendelea chini. Kwa uinjinia, hesabu na fizikia ndiyo masomo ya lazima, kwa hiyo kila moja huzidishwa mara tatu. Kemia ikiwa somo la tatu huzidishwa mara mbili. Kijana mwenye A ya hesabu, B ya fizikia na B ya kemia anakusanya 18, 15 na 10. Anaongeza moja ya jenero pepa na moja ya somo dogo la kompyuta: 45. Kisha, kama alifanya mtihani wa kidato cha nne (S4) kwa mtaala wa zamani, fomu inarudi nyuma kuuliza habari zake za utotoni: kila distinksheni 0.3, kila kredit 0.2, pasi 0.1. Ile pasi ya somo la dini aliyoipata akiwa na malaria haikusahauliwa. Imetunzwa, imepewa desimali yake. Mama yake mwenyewe hana kumbukumbu kama hiyo. Dada yake akiomba, anaongezewa 1.5 kwa kuwa msichana, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990, nayo ni sawa na distinksheni tano za S4. Wavulana hulalamika sana juu ya hizo pointi, lakini sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba ni dada aliyekuwa akichota maji yeye akisoma.

Halafu tazama unyamavu wa fomu, ambao ndio sifa yake kuu. Kilembe yenyewe ni darasa la uinjinia lisilo na paa. Reli ilijengwa kutoka Kampala hadi Kasese ikafika 1956 kwa ajili ya shaba hii. Shaba ikasafirishwa Jinja, kwenye tanuri lililotegemea umeme wa bwawa la Owen Falls. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Masalia ya mgodi yenye kobalti yaliyorundikwa Kasese yalikaa hadi 1999, kiwanda kilipoanza kuyashughulikia kwa kutumia bakteria wanaokula pairiti na kuiachilia kobalti. Bakteria hao waliajiriwa wilayani kwetu bila kuleta picha ya pasipoti wala barua ya mwenyekiti wa mtaa (LC1), na walifanya kazi usiku na mchana. Sisemi kitu, naeleza tu.

Kisha mto. Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kuliko nyumba ulizozibomoa. Mei 2020 ukarudi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe hadi wagonjwa wakahamishwa. Kila mara unakula kingo zenye masalia ya mgodi na kuyapeleka bondeni, kwenye maji ya watu. Mtoto aliyekulia hapo ameona kwa macho yake ukuta wa mawe ukishindwa, daraja likiondoka, bomba likining'inia hewani. Anajua maji yanaanza wapi kuchimba chini ya msingi. Na fomu, kwa adabu yake, haimuulizi hata swali moja juu ya hayo. Ingemuuliza, ingelazimika kusoma majibu, na majibu hayazidishwi mara tatu.

Sifa nyingine ni kwamba fomu inaunganisha ukoo. Siku ya kujaza, hata mjomba aliyehamia Mpondwe kwa biashara na Wakongo wa Kasindi hupanda gari akaja.

"Andika petroli, mwanangu," anasema. "Mafuta ya Ziwa Albert yanakuja."

"Yamekuja lini, mjomba? Tangu 2006 tunaambiwa yameonekana."

"Kwani unaomba kazi leo? Unaomba chuo."

Kijana anasema ndiyo, mjomba, kisha anaandika uinjinia wa ujenzi mstari wa kwanza, umeme wa pili, mitambo wa tatu. Mwishoni kabisa, pale ambapo hakuna anayetazama, anaandika ualimu wa fizikia. Ndivyo tunavyopata walimu wa fizikia, na baadaye tunashangaa kwa nini B haziwi A.

Mimi ningemshauri achimbe. Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha uinjinia wa madini; kiko upande ule mwingine wa nchi, karibu na Kenya. Mtoto wa mgodi uliofungwa magharibi atavuka Uganda nzima akajifunze uchimbaji mashariki, akipita Jinja njiani kama shaba ya babu yake. Asinung'unike. Kabla ya Makerere kuanzisha kitivo chake cha teknolojia mwaka 1970, aliyetaka uinjinia katika Afrika Mashariki alikwenda Nairobi.

Wapo wanaoilaumu fomu kwa gharama. Kweli, ada yake hairudishwi, na kwa familia ya Bwera ni debe la kahawa lililokuwa na shughuli nyingine. Lakini hebu hesabu wanaokula humo: mwenye boda boda wa kukupeleka Kasese, mwenye kafe anayekuingizia namba ya malipo, anayekuambia mtandao umelala, subiri, na wakati wa kusubiri pia unalipiwa, mpiga picha anayekukataza kucheka, mwenye kibanda cha pesa za simu, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye mhuri wake huwa umekaukiwa wino mpaka mtu akumbuke soda. Nani mwingine aliyeleta ajira nyingi hivyo wilayani tangu mgodi ulipolala?

Pointi za kukatia zikitoka, serikali huwachukua wachache wa juu, na wengine huitwa kozi ileile, darasa lilelile, mhadhiri yuleyule, kwa kujilipia. Tofauti kati yao yaweza kuwa 0.2, yaani kredit moja ya S4. Aliyeikosa hubaki nyumbani akiuza mihogo huku akijua kwa usahihi wa desimali moja umbali uliopo kati yake na uinjinia, usahihi ambao wapimaji wa ardhi wangeuonea wivu.

Na asiyepata kabisa hatupwi. Fomu haina kinyongo. Mwakani itatolewa tena, safi, haina habari kwamba mliwahi kuonana, na itamuuliza jina lake, wilaya yake na namba ya kitambulisho. Ada mpya, picha mpya. Mwenyekiti ameshanunua wino, kwa hiyo soda siku hizi ni mbili.