Kuni za Bure za Bwambale

Tumwite Bwambale. Kwa Wakonzo hilo ni jina la mtoto wa pili wa kiume, na ukiliita kwa sauti katika soko la Mpondwe watageuka wanaume kumi, kwa hiyo siri yake iko salama. Ni mtu wa Bwera, msomi, ana kalamu mfukoni na mkopo benki. Bei ya makaa ilipompandisha presha, alitangaza mezani kwamba nyumba yake inarudi kwenye kuni.

“Mababu zetu walipikia nini?” aliuliza.

Mkewe, Mama Masika, hakujibu. Aliondoa vyombo.

Kwenye mteremko juu ya mji Bwambale alipata mkaratusi uliosimama, shilingi 40,000. Kijana mwenye msumeno wa mashine akauangusha na kuukata vipande. Magogo yakashuka kwa bodaboda, mawili mawili, na nauli ya safari zote ikauzidi mti wenyewe. Bwambale hakuiandika kwenye daftari la matumizi. Kuni ni za bure, alisema. Kilicholipiwa ni usafiri.

Kumbe alichosafirisha kilikuwa maji. Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji: gogo la kilo 40 limebeba jerikeni nzima ya lita 20. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hula moto wa kilo tatu na zaidi za kuni kavu, na hapo hata kikombe cha chai hakijachemka. Jioni ya kwanza gogo lilitoa povu kwenye ncha, likalia chiii, na moshi ukajaa jikoni hadi Mama Masika akatoka amejifunga leso usoni. Mashemeji waliotoka Kasese mjini walikuwa wameahidiwa bundu na sombe saa moja. Walikula saa nne, macho mekundu, wakisifu chakula kwa sauti za watu waliotoka msibani.

Basi, zikaushwe. Akayaanika magogo mazima juani wiki tatu, na hapo akakosea tena, maana kuni hupasuliwa kwanza ndipo zikaanikwa. Gogo zima maji yake hutoka kwa kusuasua. Isitoshe, mkaratusi hupasuka vizuri ukiwa mbichi. Ukishakauka, nyuzi zake zilizojisokota hushikana, na shoka hudunda kama limepiga tairi.

Shoka lenyewe alilinunua siku ya soko kwa mama mmoja aliyevuka mto Lhubiriha kutoka Kongo. “Hii ni ya nguvu, papa,” alimhakikishia. “Utaachia hata batoto yako.” Pigo la sita mpini ukalegea. Bwambale akaliloweka shoka usiku kucha kwenye ndoo ili mti uvimbe na kushika chuma, mbinu inayojulikana na ambayo hudumu mpaka mti ukauke tena, yaani mpaka saa tano asubuhi. Saa tano na dakika chache chuma kikaruka juu ya ua na kuangukia mgomba wa jirani, mkungu ukiwa umebakiza wiki moja kukomaa. Mkungu ukalipwa. Huo nao haukuingia daftarini.

Akahamia kwenye jiko. Alikuwa amesikia sifa za Lorena, jiko lililobuniwa Guatemala miaka ya 1970 na ambalo jina lake limeunganishwa na maneno mawili ya Kihispania, tope na mchanga. Ni jiko zuri kweli: moto umefungiwa ndani, bomba linatoa moshi nje, na vijiti vyembamba vinatosha. Linachodai ni subira, kwa sababu udongo wake lazima ukauke wiki kadhaa kabla ya kuona moto mkali. Bwambale aliliwasha siku ya tatu. Lilipasuka kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, na moshi ukatokea kila mahali isipokuwa juu.

Ikafika Septemba, na milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha mita 5,109 kina theluji ingawa ikweta inapita hapo chini Kikorongo, ikaanza kumwaga mvua yake Bwera. Kuni chache alizofanikiwa kupasua alizipanga chini ardhini, zikiegemea ukuta wa jiko. Mchwa hawakuhitaji mwaliko wa pili. Walimaliza safu ya chini, kisha wakaanza kupanda ukutani kuelekea mbao za paa.

Wakati huo wote, hatua hamsini kutoka hapo, bibi mmoja alikuwa akipika mara mbili kwa siku bila kununua gogo hata moja. Alipikia matawi ya mibuni yaliyopogolewa, ambayo ni membamba, magumu na yanatoa moto mkali. Magunzi ya mahindi. Mabua ya mhogo ya kuwashia. Vyote viko juu ya uchaga chini ya paa, havigusi ardhi. Maharagwe huyaloweka tangu jioni. Mama Masika ndiye aliyekwenda kumwomba fungu la kwanza, akalilipa kwa sukari.

“Mume wako amesoma nini, mwanangu?” bibi aliuliza.

“Hesabu, Bibi.”

Magogo mawili makubwa yamebaki uani hadi leo. Moja ni kiti cha wageni. La pili, baada ya mvua za Novemba, lilichipua majani. Mbuzi akalisogelea, akalinusa, akaenda zake.